Tulivyopima Watu kwa Kilimia

Mwenzangu wa mezani, wewe nakuamini, ndiyo maana naanza na wewe kabla ya mtu mwingine yeyote hapa Korogwe. Vua hicho kitambaa puani, kaa, nisikilize. Kazi nimeacha lakini kukaa bado sijakujua. Alfajiri nikishaswali mikono inatafuta kitu cha kushika. Nimefagia uwanja mpaka baba Rukia kaniambia, hata kuku sasa wanakuogopa. Basi nikasema niandike. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, kwa hiyo ukikuta mstari unapanda mlima, uache upande.

Habari za cheo na mshahara sitaandika. Cheo changu mlikiona wenyewe, na mshahara mlikuwa mnaujua kuliko mimi. Nataka kusema habari ya meza yetu, ya Kilimia na ya Zaituni, maana nasikia huko kiwandani wanaisimulia kombo, na mimi kitu kikisimuliwa kombo sipati usingizi.

Nilikuja upande huu wa mashamba ya mkonge ya Ngombezi nikiwa mke mpya, natokea Handeni. Kwetu Kilimia nilikijua kabla ya kujua kusoma. Ni kale kafungu ka nyota ndogondogo zilizobanana, ukikatazama haraka utadhani ni moshi. Baba alikuwa anakitazama jioni kikishuka magharibi, anajua shamba liwe tayari masika yasimkute amekaa. Sikuwahi kufikiri kwamba nyota za kulimia zitakuja kunitafutia kazi ya kiwandani.

Kazi ya kwanza nilianza kwenye waya. Wewe umeanza mezani moja kwa moja, kwa hiyo pengine hujui. Majani ya mkonge yakishapita kwenye mashine ya korona yanasagwa, zinatoka singa, zile nyuzi, zikiwa mbichi, zinanuka, zinadondosha maji. Wanawake tunazibeba na kuzianika kwenye waya juani. Yale maji yanawasha. Kuna mwenye ngozi ya kuvumilia na kuna asiye nayo. Mimi ya kwangu ilivumilia, alhamdulillahi, lakini usiku nilikuwa najikuna mpaka mume wangu anahamia mkekani.

Mezani ni pakavu. Singa zimekauka, zimepita kwenye brashi, zinakuja nyeupe kama nywele za bibi, na kazi ni kuzichambua: ndefu huku, fupi huku, zenye magamba ya jani huku, zenye madoa huku. Kila mtu wa kwenye waya alikuwa anapatamani mezani. Na mwenye meza wakati huo alikuwa mama Yustina.

Mama Yustina babu yake alikuja kukata mkonge akitokea kusini, hakurudi. Yeye alizaliwa hapa kambini kwa wafanyakazi, akabatizwa kambini, na Kizigua alikisema vizuri kuliko mimi niliyezaliwa nacho. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na kipande cha chanuo kilichobaki meno machache, cha kuchania ncha za singa zilizosokotana, na ukikigusa bila ruhusa ilibidi utafute pa kujificha. Yeye alikuwa mtu wa Jumapili, mimi wa Ijumaa, na katika miaka yote hatukugombania dini hata kidogo. Tuligombania dirisha. Yeye anataka liwe wazi, mimi nafunga kwa sababu ya vumbi. Vumbi lenyewe halikujali, liliingia tu.

Siku aliyonipima ilikuwa baada ya vuli, mbingu imeoshwa. Nilishaswali magharibi. Akanitoa nyuma ya ghala, uso kwa milima ya Usambara, akanionyesha kwa kidevu. Kilimia kilikuwa kimepanda vizuri juu ya milima. Akaniuliza naona ngapi. Nikasema sita. Akaniambia nisizikodolee macho, zinajificha, nitazame pembeni kidogo. Nikatazama pembeni, na kweli ikajitokeza nyingine, halafu kama nyingine tena. Nikasema saba, na ya nane sina uhakika nayo. Akasema haya, kesho njoo mezani. Basi. Hakuniambia kama nimepata au nimekosa. Nilirudi nyumbani nakimbia, nikamwamsha mtoto aliyekuwa tayari amelala ili nimwambie.

Ya mama Yustina niliyoyapata ni haya, na usiyaache. Shika singa kichwani, tikisa mara moja, ziache zianguke zenyewe. Tazama zinavyoanguka kabla hujatazama rangi, maana fupi huwahi kusimama. Kitambaa cha puani kilowanishe, kikavu ni pambo. Mchana jua likiwa kali usiamini weupe wowote; peleka singa mlangoni kwenye kivuli. Na usichambue ukiwa umekasirika. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ukikasirika kila kitu kinakuwa daraja la tatu.

Miaka ikaenda. Mama Yustina akaacha kazi, akahamia Manundu, akawa anauza mkaa mbele ya nyumba yake. Meza nikapewa mimi, na upande wangu wa kulia akakaa Bi Sauda, ambaye wote mnamjua. Sauda ni mtu wa haki. Shida yake ni kwamba haki akishaishika haiachii hata ikiungua. Yeye ndiye aliyekuwa anasimamia kupima. Kila anayetaka kuja mezani anatolewa nyuma ya ghala, anatazama Kilimia, asiyefika sita anarudi kwenye waya. Aliyekuja masika, mbingu imefunga, alisubiri. Na masika yakiisha Kilimia nacho hakionekani, kimekwenda na jua, mpaka kirudi alfajiri baadaye. Msimamizi alikuwa anatuuliza mbona hatuchukui mtu na meza ina pengo, Sauda anamjibu bila kucheka kwamba nyota hazijarudi. Na msimamizi anaondoka. Mwanaume mzima.

Mimi sikuona ubaya. Kazi yetu ni ya macho, na tunapima macho. Ungeniuliza wakati ule ningekuapia.

Halafu akaja Zaituni.

Zaituni alikuwa na watoto wawili na mama mzazi asiyejiweza, wote kwenye chumba kimoja kambini. Alikuwa kwenye waya, na ngozi yake ilikuwa ya wale wasiovumilia. Mikono ilipasuka kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anaifunga kwa vitambaa, na vitambaa vinaloa yale yale maji. Zahanati wakamwambia aache maji ya mkonge, au ile mikono itaoza. Kuacha maana yake ni kuacha kazi. Labda aje mezani.

Nilimchukua kwa majaribio. Nakuambia, tangu nimeanza kazi sijaona mikono ya namna ile. Ilikuwa imejaa vidonda na bado ilikuwa myepesi. Anainama, pua karibu iguse singa, anatoa gamba ambalo mimi sikulijua kama lipo. Sauda alimtania, akasema huyu anachambua au ananusa. Zaituni akajibu, "Nanusa, Bi Sauda. Fungu lako limeoza." Meza ikacheka mpaka msimamizi akachungulia.

Jioni Sauda akamtoa nyuma ya ghala. Na mimi nilikwenda. Mbingu ilikuwa safi, Kilimia kipo pale pale juu ya milima, hata mtoto angekiona. Sauda akauliza ngapi. Zaituni akakaza macho, akainua shingo, akapiga hatua mbele kama mtu anayetaka kukisogelea.

"Naona kama pamba," akasema.

"Pamba ngapi?"

"Pamba moja, bibi."

Sauda akageuka akaanza kwenda zake. Akasema Jumatatu arudi kwenye waya, hakuna chuki, ndiyo sheria ya meza. Zaituni hakulia. Aliirudisha mikono ndani ya khanga, akaniambia shikamoo mama, kama vile ndiyo kwanza tunakutana, akaondoka.

Usiku ule sikutulia. Nilipika wali nikausahau jikoni. Moyo ulikuwa unaniambia kitu lakini hausemi wazi. Kama macho ya huyu binti ni mabovu, lile gamba alilionaje? Na kama si mabovu, kwa nini nyota haoni? Na mimi je, ninayeona saba na ya nane ya wasiwasi, mbona magamba siku hizi yananipita mpaka nanyoosha mkono mbali ndiyo niyaone?

Nilikuwa tayari nasoma darasa la jioni, katika shule ya msingi, pamoja na watu wazima wenzangu. Nilianza Rukia alipoingia sekondari akawa ananiuliza vitu nabaki kumtuma kuchota maji. Mwalimu wetu aliitwa Kiondo, Msambaa, ana miwani minene. Kaka yake kule Lushoto anawatembeza wageni wanaopenda ndege, na alimwachia darubini yake ya zamani, ile ya macho mawili. Wiki ile mwalimu aliahidi kutuonyesha Kilimia, akaja nayo. Nikamfuata Zaituni kambini, nikamwambia twende. Hakutaka. Akasema amekwisha kuaibishwa na hizo nyota mara moja, inatosha. Nikamwambia safari hii hakuna anayehesabu.

Ikazunguka mkono kwa mkono pale uwanjani. Ilipofika kwangu nikasema subhanallah. Pale ninapoonaga saba kulikuwa na kundi zima, zimemwagika, nyeupe zenye kibuluu, kubwa na ndogo na zile za vumbi kabisa nyuma yake. Mwalimu akatuambia zote zilizaliwa kwa wingu moja, ziko mamia, na mpaka leo zinakwenda pamoja, japo zitaachana polepole. Mzee mmoja darasani akauliza zikiachana sisi tutalima lini. Mwalimu akamwambia asiwe na haraka, atakuwa ameshavuna.

Nikampa Zaituni. Akasema pamba kubwa. Mwalimu akamwelekeza azungushe kile kigurudumu cha katikati. Akazungusha, akazungusha, halafu akatulia. Mwisho akasema taratibu:

"Kumbe ni nyota kweli. Mama Rukia, mimi nilidhani wote mnaona pamba na mnajifanya kuhesabu."

Aliyemfuata akapokea, akalalamika kwamba darubini imeharibika, haoni. Mwalimu akairudisha kama ilivyokuwa. Ikazunguka tena, ikapita kwa Zaituni, na baada yake ikaharibika tena. Watu wakaanza kumwambia aache kuchezea. Mwalimu peke yake hakukasirika. Alivua miwani yake, akamwambia Zaituni ajaribu. Zaituni akavaa, akainua uso, akaanza kuhesabu kwa mdomo, na sita alizipita.

Mwalimu akatueleza. Kuna macho yanayoona mbali na karibu yanachoka, hasa ukubwani, na kuna macho ya karibu ambayo mbali yanaona ukungu. Ya Zaituni ni ya karibu, kama ya kwake yeye. Akatoa kitabu, akawasha tochi, akampa Zaituni maandishi madogo ya nyuma. Akayasoma bila miwani, kitabu kimemgusa pua. Kikaja kwangu. Nikanyoosha mkono mpaka ukaisha, sikuona hata herufi.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Sasa nilikuwa na neno la kumwambia Sauda. Lakini Sauda atasema kitu kimoja tu: mama Yustina alituachia hivi, wewe ni nani? Na siku zilikuwa zinakwisha, Jumatatu inakuja. Kwa hiyo Jumamosi baada ya kazi nikaenda Manundu kwa miguu, nikamkuta mama Yustina anapanga mkaa kwenye makopo, mweusi mpaka kwenye kope.

Nikamwamkia, nikamweleza yote: Zaituni, mikono, pamba, darubini. Alisikiliza bila kuacha mkaa. Nikamuuliza ile sheria ya sita aliipata wapi. Akainua kichwa.

"Sheria gani?"

"Ya Kilimia, mama. Ya kupimia watu."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba amefariki. Halafu akacheka, na yule mama hakuwa mtu wa kucheka. Akanieleza. Alipokabidhiwa meza, ndugu na majirani walikuwa wanamjia kila siku wakitaka binti zao wawekwe mezani. Tunaishi kambi moja, kisima kimoja, tunazikana. Utamwambiaje mtu kwamba mwanao ana mikono mizito, au mwanao ni mdomo mrefu, ataniharibia meza? Utaishi naye vipi kesho? Basi akawa anawatoa nje jioni. Anayemtaka, akisema namba yoyote anamwambia haya. Asiyemtaka, akisema namba yoyote anamwambia pole, macho hayakutosha.

"Nyota haina jirani," akasema. "Atamnunia nani? Nilijua tangu mezani nani namtaka. Wewe nilikuwa nimeshakuchukua wiki nzima kabla."

Nikakaa juu ya gunia. Khanga yangu ya Ijumaa, juu ya gunia la mkaa. Miaka yote hiyo kwake ilikuwa ni adabu tu, namna ya kumkatalia mtu bila kumvunjia heshima, na sisi tukaifanya sheria. Tukawarudisha watu kwenye waya kwa namba ambayo yeye hakuwahi hata kuisikiliza. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema alidhani tunajua.

Nilitembea kurudi najisemesha barabarani. Waliopishana na mimi bila shaka waliniombea.

Jumatatu nikamwomba msimamizi asubuhi moja tu ya kumjaribu Zaituni tena. Sauda nilimweleza maneno ya mama Yustina mbele ya meza nzima. Aligeuka rangi. Akasema, "Kwa hiyo wale wote niliowarudisha?" Kisha akasema tusipimane kwa maneno, zije singa. Akachagua fungu yeye mwenyewe, akaligawa sehemu mbili: moja kwa Zaituni, moja kwangu. Tukachambua mlangoni, kwenye kivuli. Tulipomaliza, Sauda akalipitia la Zaituni singa kwa singa, roho yote anataka akute gamba. Hakukuta. Akahamia langu. Akatoa moja, akaliweka mezani. Akatoa lingine. Akaendelea kutoa na kupanga kama anapanga karanga za kuuza.

"Basi mama Rukia," akasema, "wewe ndiye urudi kwenye waya."

Walicheka mpaka msimamizi akacheka. Na mimi nilicheka, ingawa mashavu yalikuwa ya moto. Zaituni hakucheka. Alikuwa anamwangalia Sauda tu, mikono imebana ukingo wa meza. Sauda akamsogezea fungu lingine, akamwambia asikae anashangaa, kazi iko nyingi. Hivyo ndivyo alivyobaki. Jioni ile nilikwenda stendi nikanunua miwani ya kusomea. Mikono ya Zaituni ilipona polepole, na makovu mnayaona.

Usidhani baada ya hapo ilikuwa raha. Aliyekuja baada yake alikuwa binti wa jirani yangu, mtoto mzuri, mwenye adabu, na mikono kama mawe. Nilizunguka siku nyingi. Nilimkwepa mama yake kisimani. Nikatamani sana kumtoa nyuma ya ghala. Mwisho nikamwita, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba mikono yake ni mizito na meza haitamchukua. Akaniambia asante kwa kunivunja moyo mapema. Mama yake alininunia mwaka mzima. Binti sasa anauza mahindi ya kuchoma Mombo kwa abiria wa mabasi, na mikono ile mizito inageuza mahindi kwenye moto bila kuungua. Nikipita ananisalimia vizuri. Bei hapunguzi.

Na mwisho wangu ulikuwa hivi. Kifua mlikuwa mnakisikia, hata msipotaka. Lile vumbi halikutoka tena. Nikawa nakohoa, napumzika, narudi, nawaambia ni mafua. Hakuna aliyesema kitu. Kila mtu alinionea aibu. Msimamizi alinipunguzia mafungu kimya kimya, Sauda alinifungia dirisha kabla sijaomba. Nilijua, nikajifanya sijui.

Siku moja saa ya chakula Zaituni akaja akakaa mbele yangu. Akavua kitambaa. Akasema, "Mama, acha kazi."

Nikamwambia nina miwani, macho yangu yako sawa.

"Miwani inauzwa stendi. Kifua hakiuzwi. Sisi wote tunaliona jambo hili, na hakuna anayekuambia. Nakuambia mimi. Acha, mama, kabla hatujakubeba."

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Nilichambua mchana mzima nimekasirika, na kila kitu kikawa daraja la tatu. Jioni nikaenda kwa msimamizi, nikaaga.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nakuomba, ukishamaliza kusoma barua hii usiiweke kwenye pochi. Mpe atakayekaa kwenye kiti chako, naye ampe mwingine, na kama una ndugu kwenye meza ya shamba lingine, mpelekee, maana nasikia kuna wanaotoa watu nje jioni mpaka leo. Msomee Sauda pia. Atasema nimemwonea. Mwambie aje aniambie mwenyewe usoni, nipo nyumbani, sina pa kwenda.